Nisomee Shahada ya Uzamili ya Mitandao ya Kompyuta, au Niongeze Vyeti vya Ufundi?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mkazi wa Mwanza, nimeolewa na nina watoto 2. Nilimaliza shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari mwaka 2016, na tangu mwaka uliofuata nimekuwa fundi wa mitandao katika hospitali moja hapa mkoani. Ninasimamia ruta 2 (vifaa vinavyotuunganisha na intaneti), swichi 14 (vifaa vinavyounganisha kompyuta zetu) na kompyuta zipatazo 180, kuanzia dirisha la mapokezi hadi maabara na chumba cha picha za eksirei. Kazi hii ninaipenda, na ninaweza kusema bila kujisifu kwamba ninaimudu, kwani simu ikipigwa kutoka wodini mara nyingi huwa nimeshajua ni swichi ipi yenye tatizo kabla sijafika.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo limenishinda. Kila siku ya kazi, kuanzia saa 4 asubuhi hadi karibu saa 7 mchana, mtandao wetu wa intaneti huzorota. Asubuhi na mapema nikipima kwa ping, yaani ujumbe mdogo wa majaribio unaoonyesha jibu linachukua muda gani kurudi, kwenda kwenye seva tunayotumia kuhakiki kadi za bima, majibu hurudi kwa milisekunde 25 (sekunde 1 ina milisekunde 1,000). Ikifika saa 4, majibu yale yale huchukua milisekunde 900, na mara nyingine zaidi. Ajabu ni kwamba pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, hazipotei, zinachelewa tu. Kampuni inayotuuzia intaneti inasema kiungo ni kizima. Mwaka jana uongozi ulikubali kulipia megabiti 20 kwa sekunde badala ya 10, tukapata nafuu kwa muda wa wiki 2, kisha hali ikarudi pale pale. Mwezi uliopita nilimwona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akisimama dirishani dakika 12 akingoja kadi yake ihakikiwe, na karani akinitazama mimi.

Nimeomba na kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja nje ya Mwanza. Programu ni ya miaka 2 na ina njia mbili: ya kwanza ni masomo ya darasani pamoja na mradi mdogo, na ya pili ni masomo machache zaidi pamoja na tasnifu. Mhadhiri mmoja amenipendekezea mada kuhusu akili unde katika usalama wa mitandao ya 5G. Nimesoma mapendekezo yake mara 3 na sijayaelewa, ila ananihakikishia kwamba mada hiyo ina soko.

Mkuu wangu wa kitengo ananishauri niachane na chuo, nichukue CCNP, cheti cha ufundi wa mitandao cha kampuni ya Cisco, juu ya kile cha chini yake, CCNA, nilicho nacho, kwa sababu waajiri wanatafuta watu wa vitendo. Kaka yangu anasema kama ni kusoma, nikasome Ulaya. Mume wangu ameniunga mkono, ingawa najua kwamba ada itatubana na kwamba mtoto wetu mdogo ana miaka 3. Mwisho kabisa, Mwalimu, ninaogopa hisabati. Nilisoma hisabati kwa mara ya mwisho mwaka wa kwanza chuoni, nikapata C, na nilipotazama silabasi ya uzamili nikakuta kozi nzima ya nadharia ya foleni. Naomba unishauri.

Fundi wa Hospitali, Mwanza

JIBU

Marahaba, binti yangu, na ahsante kwa barua iliyoandikwa kwa vipimo, kwani wengi huniandikia kwamba mtandao wao ni wa polepole wakaishia hapo. Jibu langu nilitangulize: nenda kasome, chagua njia ya tasnifu, na ile mada ya akili unde mrudishie mhadhiri kwa heshima, kwa sababu mada yako tayari unayo, nayo ni ile foleni ya saa 4 asubuhi.

Tazama kwanza ulichoniandikia. Kiungo ni cha megabiti 20 kwa sekunde, na pakiti zinachelewa takriban milisekunde 875 zaidi ya kawaida bila kupotea. Zidisha vitu hivyo viwili utapata megabiti 17.5, yaani megabaiti 2 na ushei. Hiyo ni data ambayo, dakika ile karani anapokutazama, imekaa mahali fulani kati ya hospitali yako na kampuni ya intaneti ikingoja zamu ya kupita. Mahali hapo ni kumbukumbu ya kifaa fulani, inayoitwa bafa. Wewe wa Mwanza huhitaji kuelezwa sana kuhusu kungoja zamu, maana unazikumbuka foleni za magari pale kivukoni Kigongo kabla ya daraja la kwenda Busisi kufunguliwa mwaka 2025. Kama mamlaka ingepanua uwanja wa kuegesha magari bila kuongeza vivuko, hakuna gari ambalo lingerudishwa, lakini kila gari lingesubiri muda mrefu zaidi. Bafa kubwa hufanya hivyo hivyo. Aina nyingi za TCP, itifaki (kanuni za mawasiliano) inayoongoza utumaji wa data kwenye intaneti, huongeza kasi ya kutuma mpaka zione pakiti inapotea, na kupotea huko ndiko ishara yao kwamba njia imejaa. Bafa inapokuwa kubwa mno, ishara hiyo huchelewa kufika, mtumaji huzidi kusukuma, na ombi dogo la kuhakiki kadi ya bima hulazimika kusimama nyuma ya picha nzito za eksirei zinazotumwa asubuhi ile ile. Ndiyo maana kununua megabiti zaidi kulikupeni nafuu ya wiki 2 tu.

Dalili zako zinafanana sana na hali hiyo, ila dalili si ushahidi, na kuigeuza dalili kuwa ushahidi ndiyo kazi ya tasnifu. Ni nani anayejaza njia: ni picha za eksirei, ni kompyuta 180 zinazojisasisha kwa pamoja, au ni nakala za akiba za seva? Foleni iko upande wa kupandisha (kutuma data nje) au wa kushusha (kupokea)? Bafa ni ya ruta yako au ya kampuni? Ukiweka utaratibu mpya wa kusimamia foleni, muda wa kungoja dirishani unapungua kwa kiasi gani, na picha za eksirei zinachelewa kwa kiasi gani kwa ajili hiyo? Maswali hayo manne yanatosha kwa tasnifu nzuri ya uzamili, na hakuna mtu mwingine aliyekaa mahali pazuri pa kuyajibu kuliko wewe.

Nakwambia haya nikikumbuka jinsi elimu hii ilivyojengwa. Mwezi Oktoba mwaka 1986, kule California, mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizotengana kwa yadi 400 tu, yaani chini ya mita 370, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mtu anayetembea kwa miguu akiwa na barua mkononi angefika haraka kuliko mtandao ule. Van Jacobson, aliyekuwa mtafiti katika maabara hiyo, hakuridhika na maelezo kwamba mtandao umezidiwa. Yeye na Michael Karels walichunguza ni kitu gani hasa TCP inakosea, na mwaka 1988 ikachapishwa makala iliyoeleza namna mtumaji anavyopaswa kuanza taratibu na kupunguza kasi anapoona msongamano. Mawazo hayo bado yamo ndani ya simu yako na ndani ya kila kompyuta hospitalini kwako. Mwaka 2012 Jacobson huyo huyo, safari hii akiwa na Kathleen Nichols, alirudi na dawa ya tatizo la bafa kubwa, njia inayoitwa CoDel, ambayo haiangalii foleni ina urefu gani bali pakiti zimekaa humo kwa muda gani. Ndugu yake, fq_codel, ambayo huipa kila safari ya data foleni yake ili ombi dogo lisifunikwe na faili kubwa, imeelezwa katika hati ya kiufundi ya intaneti, RFC 8290 ya mwaka 2018, inayosomwa bure na yeyote. Imo katika Linux, mfumo endeshi wa kompyuta usiolipiwa, na ruta za MikroTik ambazo zimejaa nchini kwetu zinayo kuanzia toleo la 7 la programu yao. Kwa hiyo jaribio ninalokushauri halihitaji kununua hata kifaa kimoja kipya, mradi ruta yenu ina uwezo huo au mna kompyuta moja ya zamani ya kuweka Linux.

Sasa hofu yako ya hisabati. Naizungumzia kwa kirefu kwa sababu nimeona mabinti wengi wenye uwezo wakiiacha njia hii mlangoni kwa sababu ya herufi moja katika cheti cha zamani. Nadharia ya foleni ilianzishwa na mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyetaka kujua kampuni ya simu ya Copenhagen inahitaji laini ngapi za simu ili wateja wasingoje mno. Makala yake ya kwanza ni ya mwaka 1909. Yeye pia alianza na dirisha na watu wanaongoja. Chukua kiungo ambacho pakiti moja huhitaji wastani wa milisekunde 1 kupita. Katika foleni ya msingi kabisa inayofundishwa darasani, ambamo pakiti hufika bila mpangilio, kiungo kikitumika kwa asilimia 50 pakiti hukaa humo wastani wa milisekunde 2. Kikitumika kwa asilimia 80, hukaa milisekunde 5. Kwa asilimia 90, milisekunde 10. Na kwa asilimia 99, milisekunde 100. Yote hayo hutoka katika kugawa 1 kwa sehemu iliyobaki wazi. Bila shaka umeshawahi kumwambia mkuu wako kwamba kiungo kimejaa, naye akakujibu kwamba grafu inaonyesha bado kuna asilimia 5. Hisabati hii ndiyo itakayokuruhusu kumweleza kwamba asilimia 5 hiyo ya mwisho ni ya gharama kubwa sana. Rudia uwezekano na takwimu za kidato cha 5 na 6 kwa miezi 3 kabla chuo hakijafunguliwa, saa 1 kila jioni, ukiwa na daftari na kalamu. Unayo sababu ya kuielewa hisabati hiyo, na hicho ndicho kitu ambacho wanafunzi wengi wa darasani kwangu walikikosa.

Mkuu wako hajakosea kuhusu CCNP. Cheti kile kinakufundisha kusanidi vifaa vya kampuni fulani kwa usahihi, waajiri wanakitambua, na kama shida yako ingekuwa kubadili kazi mwaka huu ningekwambia ukichukue kesho. Lakini vyeti hivyo hudumu miaka 3 kisha huhitaji kuhuishwa, na hujibu swali la jinsi ya kufanya, ilhali wewe umekwama kwenye swali la kwa nini. Umeshafanya kila kitu ambacho fundi mwenye cheti angefanya, ikiwa ni pamoja na kuongeza megabiti, na tatizo likabaki. Ukimaliza uzamili, CCNP utaisoma ukiwa nyumbani, nayo itakuwa nyepesi kwako.

Kuhusu mada ya mhadhiri, niseme wazi kwamba mimi mwenyewe niliwahi kukubali mada ya namna hiyo. Nilipewa kazi ya kuiga kwa kompyuta mtandao wa aina ambayo sikuwahi kuuona kwa macho, wakati chuo chetu chenyewe kilikuwa bado kinatumia intaneti ya setilaiti, ambayo kila ping yake ilichukua zaidi ya nusu sekunde kwa sababu ishara husafiri kilomita zipatazo 36,000 kwenda juu kabla haijarudi chini. Tatizo la kusoma lilikuwa juu ya paa letu, nami nikatumia mwaka mzima kubuni namba za mtandao wa kufikirika. Nilipopata mkutano na mtahini, aliniuliza namba zangu zinalingana na mtandao gani halisi, nikakosa la kusema. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai mwaka 2009 na hali ya ping ikabadilika, hakuna aliyekuwa na vipimo vizuri vya kabla na baada katika chuo chetu, na nilijua kwamba mtu aliyepaswa kuwa navyo ni mimi. Usikubali kuandika tasnifu ambayo data yake huwezi kwenda kuigusa.

Kabla hujalipa ada, omba nusu saa na kila anayeweza kuwa msimamizi wako, umwonyeshe grafu ya saa 4 asubuhi, kisha usikilize anauliza nini. Akiuliza umepima kutoka kompyuta ipi, na kama ulipima pande zote mbili, huyo ni msimamizi. Akikwambia jambo hilo ni dogo, mshukuru uende kwa mwingine. Uliza pia wanafunzi wake wangapi wamemaliza na kwa muda gani, maana tasnifu nyingi nchini hukwama kwenye kuandika baada ya masomo ya darasani kwisha, na ada haingoji.

Hukunitajia chuo, nami sitakuchagulia. Nchini kuna Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, na kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, iliyojengwa mahsusi kwa masomo ya uzamili na uzamivu. Nisingependa usome Ulaya kwa mada hii, si kwa sababu Ulaya ni vibaya, bali kwa sababu maabara yako iko Mwanza. Ukishikilia ushauri wa kaka yako, ufadhili wa Chevening wa Uingereza hugharamia uzamili wa mwaka 1 kwa mwenye saa zisizopungua 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo unazo, kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2. Shirika la DAAD la Ujerumani na ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao wana nafasi za kuomba kila mwaka. Kwa upande wa hapa hapa, andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo hospitalini ukieleza kwamba utafiti wako utafanyika kwenye mtandao wao wenyewe. Mwajiri anayeona faida ya utafiti ndani ya jengo lake husikiliza kwa namna nyingine. Kuhusu mtoto wa miaka 3, wewe na mumeo ndio mnaojua. Nimetazama tu kwamba kwa njia ya tasnifu, mwaka wa pili ungekuwa nyumbani Mwanza ukikusanya data, jambo ambalo njia ya darasani haikupi.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi, nalo ni siri za wagonjwa. Ukiwasha Wireshark au tcpdump, programu za kunasa pakiti, kwenye mtandao wa hospitali, unaweza kunasa majina na magonjwa ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Swali lako halihitaji kujua ndani ya pakiti kuna nini. Linahitaji saa ambayo pakiti ilipita, ukubwa wake, na imetoka wapi kwenda wapi. Kwa hiyo ikate kila pakiti ubakize vichwa tu, yaani sehemu ya mwanzo yenye anwani, ficha anwani za kompyuta kabla ya kuhifadhi, na hata hivyo usinase chochote mpaka uwe na kibali cha maandishi cha uongozi na cha kamati ya maadili ya utafiti. Ping peke yake haigusi taarifa ya mgonjwa yeyote, nayo inatosha kukuanzisha.

Basi anza Jumatatu. Weka programu ndogo itakayopima kila sekunde 10 kutoka kompyuta ya mapokezi kwenda sehemu tatu: ruta yako, kifaa cha kwanza cha kampuni ya intaneti, na seva ya bima. Andika saa na jibu katika faili, uiache ifanye kazi siku 14 usiku na mchana, wikiendi zikiwemo, kisha chora mistari mitatu kwenye grafu moja. Mstari wa ruta ukibaki chini wakati mstari wa kifaa cha kampuni unapopanda, utajua foleni imekaa kwenye kiungo kati yenu na kampuni, ama mlangoni mwako pa kutokea ama mlangoni mwao pa kukuletea data. Ukishajua hivyo, wakati kiungo kinajaa punguza kwa dakika chache, kwa makubaliano na chumba cha eksirei, utumaji wa picha zao, uone mstari unavyoshuka. Grafu hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako la utafiti, na nakala yake niletee nami niione.